Nyimbo Zisifie Madaftarini

Katika kila mtaa wa mji wetu wa Tanga, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Chumbageni, hakosekani mtu mwenye daftari la nyimbo. Yamkini ni mwalimu wa shule ya msingi, au karani wa bandari, au fundi cherehani, au mama wa nyumbani aliyepata kuimba katika kikundi kabla hajaolewa. Mtu huyo hali kwa muziki wala hatarajii kula kwa muziki. Ana gitaa kuukuu, au ana udi wa kurithi, au hana chombo chochote ila sauti yake na meza ya kugonga kwa vidole. Akirudi kazini jioni hutunga. Akishatunga huwaimbia jamaa wawili watatu barazani, wakamsifu, wakanywa kahawa yao, wakaondoka. Baada ya miaka kumi daftari limejaa. Baada ya ishirini limeliwa na mchwa. Na mwenyewe akiondoka duniani, nyimbo zimeondoka naye, kwani daftari hubeba maneno tu, halibebi sauti wala mahadhi.

Makala yetu ya leo yanawahusu watu hao. Kusudi letu ni kuwahimiza wazirekodi nyimbo zao, zote kwa pamoja kama albamu kamili, tena wazirekodi majumbani mwao wenyewe kwa vyombo walivyo navyo, wasingoje studio wala mfadhili. Tunajua kwamba neno hili litawachekesha baadhi ya wasomaji. Mtu akisema anatengeneza albamu chumbani kwake, huonekana kama anayeunda jahazi uani. Walakini sisi tumelijaribu jambo lenyewe na tutaeleza tulivyofanya. Kwanza yafaa tuangalie fikira hii ya kuidharau kazi ya nyumbani ilitoka wapi.

Tangu sauti ya Mswahili ilipoanza kutiwa katika santuri, mashine ilikuwa mbali. Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 ili kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, na habari za maisha yake aliziandika mwana wa Tanga, marehemu Shaaban Robert. Miaka iliyofuata Nairobi ikawa ndiyo soko la santuri la Afrika Mashariki, na bendi nyingi za upande wetu zilipanda mabasi kwenda huko. Vikundi vyetu vya taarabu hapa Tanga, Black Star Musical Club na Lucky Star, ambavyo viliingiza magitaa ya umeme katika taarabu na kubadili ladha ya pwani nzima, nyimbo zao zilitolewa katika santuri na wafanyabiashara wa Mombasa, Assanand na wanawe, kwa nembo ya Mzuri. Waliobaki nchini waliingia katika chumba cha Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache. Akikosea mmoja, wote walirudia tangu mwanzo.

Hatuwabezi waliozifanya kazi hizo. Bila wao tusingekuwa na cha kusikiliza leo, na hata vijana wanaojidai kuwa hawajui habari za zamani wanazijua nyimbo zile kwa moyo. Lakini katika muda huo wote mtu wa kawaida alizoea kuamini kwamba wimbo haujawa wimbo mpaka mtu mwingine, aliye mbali, mwenye mashine, aukubali. Mwenye mashine ndiye aliyechagua, naye aghalabu alichagua kitakachouzika. Nyimbo za mwalimu wa shule au za mama wa nyumbani hazikutungwa ziuzwe, kwa hiyo hazikuchaguliwa, na nyingi katika hizo sasa hazipo tena. Studio za watu binafsi zilipoanza kuenea nchini katika miaka ya 1990, mambo hayakubadilika sana kwa mtu huyu. Badala ya kuulizwa kama wimbo wake unafaa, aliulizwa kama ana fedha. Na mzazi mwenye ada za shule za kulipa hawezi kuitoa fedha hiyo kwa ajili ya wimbo mmoja, sembuse kumi.

Na huku mashine ilikuwa inasogea polepole kuja nyumbani. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilitoa kaseti, na wakazi wa pwani wanakumbuka vizuri jinsi kaseti za harusi zilivyonakiliwa na kuzunguka mkono kwa mkono. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa chombo kiitwacho Portastudio, ambacho kiliweza kutia sauti nne katika kaseti ya kawaida, moja baada ya nyingine: leo ngoma, kesho gitaa, keshokutwa mwimbaji, na zote zikasikika kwa wakati mmoja. Januari 1982 mwanamuziki wa Marekani, Bruce Springsteen, alikaa chumbani katika nyumba aliyopanga huko Colts Neck, New Jersey, akajirekodi kwa chombo hicho, kwa gitaa na kinanda cha mdomo. Alikusudia tu kuwaonyesha wenziwe wa bendi jinsi nyimbo hizo zilivyo. Bendi ilipozipiga studioni, zikakosa kile kilichokuwamo katika kaseti. Mwishowe kaseti ile ile, ambayo alikuwa akiitia mfukoni bila kasha, ndiyo iliyotolewa Septemba mwaka huo kuwa albamu ya Nebraska.

Mtu atatujibu kwamba Springsteen alikuwa mashuhuri tayari, na kampuni yake ingetoa hata kikohozi chake. Ni kweli. Basi na tumchukue Bibi Sibylle Baier wa Ujerumani, ambaye hakuwa mwanamuziki wa kulipwa. Baina ya 1970 na 1973 alijirekodi nyumbani kwa tepu rekoda, gitaa na sauti yake tu, kisha akaziweka kanda hizo, akalea watoto wake. Yapata miaka thelathini baadaye mwanawe alizikusanya nyimbo hizo akazitia katika CD kwa ajili ya jamaa, na mwaka 2006 zikatoka hadharani kwa jina la Colour Green. Sisi hatuvutiwi sana na sifa zilizomjia uzeeni. Kinachotuvutia ni kwamba kanda zilikuwapo. Laiti angeziacha nyimbo zake katika daftari, mwanawe angekuta maneno asiyojua yanaimbwaje.

Na wale wanaodhani kwamba kazi ya sanaa iliyofanywa na mtu mwenye ajira nyingine ni ya mchezo, tunawakumbusha kwamba Shaaban Robert huyo tuliyemtaja alikuwa karani wa serikali kwa muda mrefu wa maisha yake: alikuwa forodhani, akawa idara ya mifugo, akawa ofisi ya wilaya hapa hapa Tanga, kisha idara ya upimaji. Hakungoja aache ukarani ndipo aandike.

Sasa tueleze ya kwetu. Tulikuwa watatu: mwalimu wa sekondari apigaye udi, mzee mmoja mstaafu wa reli apigaye dumbaki na tari, na mwandishi wa safu hii, ambaye huimba na kukwaruza gitaa. Baina yetu tulikuwa na nyimbo kumi na mbili. Vyombo vyetu vilikuwa simu moja ya mkononi, kompyuta ya mwalimu ambayo umri wake ungetosha kuandikishwa darasa la kwanza, maikrofoni moja ya kuchomeka kwenye kompyuta, na visikilizio viwili vya masikioni vyenye waya. Programu tuliyoitumia ni Audacity, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ambayo hailipiwi hata senti. Mtu asiye na kompyuta aweza kuanza na simu peke yake, maadamu aichague ile namna ya kurekodi isiyobana sauti. Simu nyingi hubana sauti ili zihifadhi nafasi, na kilichobanwa hakirudi tena.

Adui wa kwanza ni chumba. Chumba cha mwalimu kina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya saruji, na bati lisilo na dari. Ukipiga kofi humo, kofi linakurudia mara tatu. Sauti ya mtu ikirekodiwa katika chumba kama hicho husikika kama inatoka ndani ya pipa, na ni vigumu kuutoa mwangwi huo vizuri baadaye. Wako wanaobandika trei za mayai ukutani kwa kuwa wameziona katika picha. Trei za mayai ni nyepesi mno. Hupunguza kidogo zile sauti nyembamba na kuiacha ngurumo ikizunguka chumbani kama kawaida. Kinachomeza sauti ni kitu kinene na chenye nyuzi. Tulisimamisha magodoro mawili ya sufi nyuma na ubavuni mwa mwimbaji, tukatandika zulia juu ya mkeka, tukafungua milango ya kabati la nguo na kuziacha nguo zikining'inia, na juu ya vichwa vyetu tukatundika mablanketi kwa kamba. Tukapiga kofi tena. Safari hii lilikufa pale pale lilipozaliwa.

Magodoro hayazuii kelele za nje. Hizo dawa yake ni saa. Tulijaribu alasiri, tukapata pikipiki, muuza samaki na watoto. Tukahamia baada ya saa nne usiku. Jokofu lilizimwa, feni ikazimwa, nasi tukakaa ndani ya magodoro katika joto la kaskazi mpaka mashati yakashika mwilini. Msomaji anayejua Tanga ya Februari atatuhurumia. Udi nao hauvumilii hewa ya namna hiyo. Nyuzi zililegea kila baada ya nusu saa, na mwalimu alizikaza upya kabla ya kila wimbo. Waya wa umeme ukipita karibu na waya wa maikrofoni huleta mvumo mzito usiokatika, kwa sababu umeme wetu hutikisika mara 50 kwa sekunde na mtikisiko huo huingia katika sauti. Tuliutenga waya mmoja mbali na mwingine, na kompyuta tukaiendesha kwa betri yake. Wimbo mmoja una jogoo ndani yake, ubeti wa tatu. Tulishauriana sana juu ya jogoo huyo, tukamwacha, maana aliwika mahali penye kituo kana kwamba alifundishwa.

Juu ya kuimba mbele ya maikrofoni, sisi tuliopitia chuoni tulikuwa na akiba ambayo hatukujua kama tunayo. Hatusemi kwamba kusoma na kuimba ni kitu kimoja. Kila mwenye adabu anajua tofauti yake. Lakini mtoto aliyekalishwa mkekani na mwalimu wake akafundishwa makhraji ya herufi, kila herufi itoke mahali pake, na akafundishwa asimame wapi avute pumzi, mtoto huyo akikua hawezi kumung'unya maneno hata akitaka. Maikrofoni ni msikilizaji mkali kuliko mkutano wa watu. Mkutano huona uso na mikono na husamehe. Maikrofoni husikia pumzi, mate, na kiti kinacholia. Herufi P na B hutoa pepo inayogonga maikrofoni kama ngumi, nasi Waswahili tunazo tele. Tuliikinga pepo hiyo kwa kipande cha soksi ya nailoni kilichowambwa katika duara la waya, na mwimbaji akakaa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, uso umeelekezwa kando kidogo. Kiwango cha sauti tulikiweka chini, ili hata penye mpaazo mkubwa alama isifike kwenye wekundu. Zamani kanda ya sumaku ilistahimili sauti iliyozidi kidogo, na wengine waliupenda ule ukali wake. Kompyuta haistahimili. Kilichovuka mpaka hukatwa kichwa, na masikio huumia.

Kisha kuna suala la kupanga sauti juu ya sauti. Tulianza na dumbaki, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni ya kazi: mapigo yakishakaa sawa, wengine wote hujenga juu yake. Ya pili ni kwamba mikono ya mzee wetu imeanza kutetemeka, na katika umri wa miaka zaidi ya sabini hapana ajuaye kesho. Tukamrekodi nyimbo zote kwa mikesha minne, huku mwalimu akimwongoza kwa udi uliosikika katika visikilizio tu. Baadaye udi ukarekodiwa peke yake juu ya ngoma, kisha gitaa, kisha sauti. Hapo kuna mtego unaowakatisha tamaa wengi. Kompyuta inapocheza sauti ya kwanza huku ikipokea ya pili, ile ya pili huandikwa ikiwa imechelewa sehemu ndogo ya sekunde, na wapigaji huanza kulaumiana kwamba fulani hana mapigo. Si kosa la mtu. Kabla ya wimbo kuanza, gonga mara moja kwa kijiti katika kila sauti unayorekodi. Baadaye uisogeze sauti ya pili mpaka migongo hiyo ilingane. Visikilizio visivyo na waya huongeza uchelewaji huo maradufu, hata viwe vya bei gani.

Lakini mafunzo makubwa tuliyapata katika maneno. Barazani wimbo wenye mizani pungufu hupita, kwa kuwa mwimbaji huvuta silabi moja au humeza mbili, na wasikilizaji wanazungumza. Ukirekodiwa na kuchezwa mara ishirini, kila pengo husimama kama jino lililong'oka. Usiku mmoja mzee aliitoa visikilizio, akamgeukia mwenziwe na kusema, "Mwalimu, mstari huu una mizani kumi na tano, na mimi hapa ngoma yangu inaanguka shimoni." Wakahesabu kwa vidole, wote wawili watu wazima, nane kwa nane, wakaona kwamba kweli silabi moja haipo. Ubeti ukatungwa upya pale pale. Katika nyimbo zetu kumi na mbili, tatu tuliziondoa kabisa, moja kwa sababu lahani yake ilikuwa imechukuliwa katika filamu ya Kihindi. Watunzi wengi wa pwani wamefanya hivyo na nyimbo zikapendwa. Lakini sisi tulikuwa tumeafikiana kuwa albamu iwe ya kwetu, maneno na mahadhi.

Kwa sababu hiyo tulikataa pia ile midundo iliyokwisha pikwa, ambayo vijana huiita biti. Rafiki zetu walitushauri tuichukue bure, tuimbe juu yake, tumalize kazi kwa juma moja. Hatuwalaumu vijana wanaotafuta riziki kwa njia hiyo. Soko lina masharti yake. Mtu asiye na soko, aliyekaa usiku wa manane kwa mapenzi yake, ana sababu gani ya kujifunga kwa masharti ya soko? Mdundo ule umekwisha kuimbiwa na maelfu. Dumbaki ya mzee wetu ina pigo moja la mkono wa kushoto ambalo huchelewa kidogo, na ukilisikia unamjua.

Na hapa tuseme habari ya wimbo wake mmoja. Mzee huyu alifanya kazi katika reli ya Usambara, ile iliyoanzwa na Wajerumani mwaka 1893, na aliutunga wimbo wa safari ya abiria kutoka Tanga, unaovitaja vituo kimoja kimoja: Pongwe, Muheza, Korogwe, Mombo, hadi Same na Moshi. Katika kila kituo kuna kitu cha kituo hicho, machungwa ya Muheza na kadhalika, na kuna mtu wa kuagana naye. Watu wa rika lake wanaujua wimbo huo. Wengine walikuwa wakiuimba vijiweni treni ya abiria ilipokuwa bado inaondoka hapa mjini. Lakini hapakuwa na rekodi yake hata moja. Sauti yake sasa imepasuka, na katika noti za juu haifiki; inagusa chini yake kidogo na kuteremka.

Kijana mmoja jirani, fundi hodari wa mambo haya, alikuja kutusaidia kuchanganya sauti. Aliposikia wimbo huo alisema kwa nia njema kabisa kwamba aweza kuinyoosha sauti ya mzee kwa programu. Programu za namna hiyo zilianza kuenea baada ya kampuni ya Antares ya Marekani kutoa Auto-Tune mwaka 1997. Huipima noti iliyoimbwa, huona imepotoka kwa kiasi gani, na kuisukuma hadi mahali inapostahili. Kijana akafanya mfano wa ubeti mmoja, akampa mzee asikilize. Noti zote zilikuwa safi. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akavua visikilizio, akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni wewe, babu."

"Mwanangu, umefanya kazi nzuri. Lakini wajukuu zangu watanijuaje?"

Kijana akaifuta, na wimbo ukabaki kama ulivyoimbwa. Aliyebaki kubishana ni mwalimu, aliyeona kwamba noti mbili za mwisho zingeweza kurudiwa angalau usiku mwingine, mzee akiwa hajachoka. Zikarudiwa, mara tano, na ya nne ndiyo tuliyoichukua. Twafikiri pande zote mbili zilikuwa na haki. Kuna upungufu ambao ni wa mtu mwenyewe, na kuna upungufu wa uvivu tu. Na kwa kuwa kazi ya nyumbani haina msimamizi wala saa ya studio inayohesabu fedha, ni rahisi mno kuuita uvivu kwa jina la uasilia. Tumesikia rekodi za nyumbani ambazo gitaa halikukazwa nyuzi, na mwenyewe anajisifu kwamba ndivyo alivyo. Huo hatuuungi mkono.

Lipo pia suala la haki, ambalo wapenzi wa muziki hulipuuza kwa kuwa hawatarajii fedha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki yake tangu pale anapoitunga kazi, bila ya kutazama ubora wake wala kusudi lake, na haki hiyo huendelea katika uhai wake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba mama wa Makorora aliyetunga wimbo wa kumlilia mwanawe ana haki sawa na mwanamuziki mashuhuri. Lakini haki bila ushahidi ni shida kuitetea, na rekodi yenye tarehe ni ushahidi kuliko kumbukumbu za majirani. Wawili au watatu wanapotunga pamoja, waandike katika karatasi nani ametunga maneno na nani ametia lahani, wakiwa bado wanapendana. COSOTA hupokea usajili wa kazi kwa yule anayetaka kwenda mbele zaidi.

Nakala za kazi yetu tumezitunza mahali patatu: katika kompyuta ya mwalimu, katika flashi iliyofungwa kwenye nailoni ndani ya sanduku la mwandishi, na kwa binti wa mzee aliyeko Dodoma. Joto na chumvi ya pwani yetu haina huruma kwa vyombo, na wasomaji wenye umri wetu wamekwisha kuona kaseti zilivyoota ukungu. Tumehifadhi pia kila sauti peke yake, udi mbali na ngoma mbali, ili atakayekuja baada yetu aweze kumsikia kila mtu alivyopiga. Fedha tuliyotumia, ukiondoa chai na sambusa za mikesha, ilikuwa ya maikrofoni na flashi basi. Nakala kumi na tano za kwanza zimegawiwa bure kwa jamaa. Mstaafu mmoja wa reli kule Korogwe, alipoletewa yake, ametuma salamu kwamba katika wimbo wa vituo kuna kituo kimoja kimerukwa, na anataka kujua ni kwa nini. Mzee wetu amejibu kwamba treni ile ilikuwa ya moja kwa moja.

Nyimbo nane zimekamilika. Ya tisa haijakwisha, kwa kuwa inahitaji fidla, na mpiga fidla tuliyeafikiana naye anaishi Pangani na huja mjini kwa nadra. Amekubali kuja masika yakipita. Kabla ya hapo haiwezekani, maana mvua ikianza kulipiga bati la mwalimu hata sisi wenyewe hatusikilizani.